Shaba na Lawama

Msafiri wa Reli ya Kati atokaye Dar es Salaam, akishaipita Kilosa, hufuata bonde la mto Mkondoa na Kinyasungwe mpaka akafika Gulwe, stesheni ya wilaya ya Mpwapwa katika mkoa wa Dodoma. Hapo pwani imekwisha. Hewa ni kavu, mibuyu imesimama mbalimbali, na mbuzi na kondoo hufuatana katika vumbi moja wakitafuta jani. Mvua ya mwaka mzima katika uwanda huo wa kati ni kiasi cha milimita 600, na kiangazi huchukua zaidi ya nusu ya mwaka. Hata hivyo ni maji hayo hayo machache ambayo, yakija kwa mkupuo, huing'oa reli. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliivunja njia baina ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasita kwa miezi. Mwenyeji wa Gulwe hana haja ya kufundishwa kwamba kitu kimoja huweza kuua kwa kukosekana, na kitu hicho hicho kikaua kwa kuzidi.

Hali hiyo ya maji ndiyo hali ya shaba katika miili ya viumbe. Shaba si ngeni baina ya pwani na nchi hiyo. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba, na misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani ikipitia Mpwapwa ilibeba nguo, shanga na masango. Katika wilaya hiyo hiyo ya Mpwapwa, huko Kinusi, wachimbaji wadogo wamechimba mawe yenye shaba. Na mjini Unguja hakuna mtu mzima asiyeijua midila na masinia ya shaba, wala asiyejua kwamba sufuria ya shaba hupakwa bati ndani, kwa kuwa chakula chenye ndimu au ukwaju huitoa shaba katika chombo na kuiingiza katika mchuzi. Wapishi wa zamani waliogopa sumu ya shaba kabla hawajaambiwa na daktari yeyote.

Lakini shaba inayozungumzwa hapa haipimwi kwa frasila. Mwili wote wa mtu mzima una shaba ya kiasi cha miligramu 100, yaani sehemu moja ya kumi ya gramu, na haja yake ya kila siku haifiki miligramu moja. Juu ya chembe hiyo limesimama suali ambalo wanafalsafa wamelizungumza kwa karne nyingi: mwanadamu anapotoka katika kadiri, ikiwa kwa kupungukiwa au kwa kuzidiwa, je, lawama ni ya nani?

Kwanza yafaa ifahamike shaba inafanya nini. Mvuvi apasuaye pweza anajua kwamba damu yake si nyekundu. Damu ya pweza, ya kaa na ya kamba huelekea rangi ya buluu inapokutana na hewa, kwa sababu madini yanayobeba oksijeni ndani yake ni shaba, si chuma. Mwanadamu hubeba oksijeni yake kwa chuma, ila hata yeye hawezi kuitumia pumzi bila ya shaba. Ndani ya kila seli kuna kimeng'enya chenye shaba ambacho ndicho huikamilisha kazi ya kugeuza oksijeni na chakula kuwa nguvu. Kimeng'enya kingine chenye shaba huzifunga nyuzi za ngozi na za mishipa ya damu zisilegee. Kingine hutengeneza rangi ya nywele na ya ngozi. Ubongo na uti wa mgongo navyo huihitaji shaba ili mishipa ya fahamu ipate ala yake ya mafuta, ambayo bila yake amri ya kichwa haifiki mguuni.

Pamoja na manufaa yote hayo, shaba iliyo peke yake huunguza. Ikiachwa huru ndani ya seli, huiamsha oksijeni ikawa adui na kuzila kuta za seli yenyewe. Kwa hivyo mwili haukuiruhusu shaba itembee bila ya mchukuzi. Ikiingia utumboni hupokewa na protini moja, hukabidhiwa nyingine, husafirishwa hadi kwenye ini, na ini huigawa: baadhi hufungwa katika protini iitwayo seruloplasmini na kurudishwa katika damu, na inayozidi hutupwa katika nyongo ili itoke na choo. Uzima, basi, hautegemei tu kilichoingia mdomoni. Unategemea safu ya wachukuzi na milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Mlango mmoja ukikwama, kadiri huharibika hata kama chakula ni kile kile wanachokula wote nyumbani.

Mifugo ndiyo iliyoifundisha elimu hii kabla ya wanadamu, na hapo Gulwe inaingia katika maelezo haya kwa haki. Mwendo mfupi kutoka stesheni hiyo upo mji wa Mpwapwa, ambako Wajerumani waliweka maabara ya mifugo mwaka 1905, na ambako utafiti wa ng'ombe, mbuzi na malisho umeendelea chini ya serikali zote zilizofuata. Mwana wa mbuzi au wa kondoo ambaye mama yake alikosa shaba wakati wa mimba huweza kuzaliwa hawezi kusimama. Au huzaliwa akionekana mzima, kisha baada ya wiki kadhaa akaanza kuyumba kwa miguu ya nyuma, akakokota kiuno na mwisho akalala. Mwaka 1937 watafiti wa Australia ya Magharibi walithibitisha kwamba ugonjwa huu hutokana na upungufu wa shaba. Mwaka 1964 madaktari wa mifugo waliuandika kuwapo katika mbuzi na kondoo wa Kenya.

Na ajabu yake ni kwamba ardhi yaweza kuwa na shaba na mnyama akaikosa. Malisho yakiwa na madini mengi ya molibdeni na salfa, vitu hivyo huikamata shaba ndani ya tumbo la mnyama mwenye kucheua, na shaba hiyo hupita isiweze kuchukuliwa. Mbuzi amekula, na bado ana njaa ya kile alichokila. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na methali hiyo haikupata kuwa kweli zaidi kuliko hapa.

Tiba yaonekana nyepesi: wanyama wapewe chumvi ya kulamba yenye shaba. Lakini mbuzi na kondoo wa Gulwe hulala zizi moja. Mbuzi huhitaji shaba nyingi kidogo na huivumilia, na kondoo huivumilia kwa shida. Kiasi kinachomfaa mmoja huweza kumwua mwenzake. Tena hakimwui siku ile. Ini la kondoo huiweka shaba kimya kimya kwa wiki na miezi, na mwenye mali huona mnyama amenawiri. Halafu siku moja ya safari ndefu au ya njaa, ini hufungua ghala lake, chembe za damu zikapasuka, mkojo ukawa mwekundu wa kahawia, na mnyama akafa katika siku chache. Haba na haba hujaza kibaba, na kuna vibaba ambavyo hapana budi visijae.

Mfugaji mwenye zizi hilo amekabiliwa na suali la uadilifu bila ya kulitafuta. Akiwapa wote sawa, atakuwa amewagawia kwa usawa na amemdhulumu kondoo. Akiwanyima wote sawa, amemdhulumu mwana wa mbuzi ambaye hajazaliwa. Haki yake haipatikani katika kipimo kimoja. Inapatikana katika kumjua kila mnyama na mwili wake, na kuitenga chumvi ya huyu isiguswe na yule. Ni kazi zaidi kuliko usawa, na ndiyo maana watu wengi huupenda usawa.

Kutoka zizini elimu ilivuka ikaingia wodini. Mwaka 1962 daktari John Menkes, huko New York, alieleza ugonjwa wa watoto wa kiume wa ukoo mmoja ambao walizaliwa wakionekana salama, kisha wakiwa na miezi michache wakaacha kukua, wakapata vifafa na kufa wangali wadogo. Nywele zao zilikuwa chache, zisizo na rangi, zilizosokoteka kama uzi wa chuma. Hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1972 David Danks, daktari wa watoto wa Melbourne, alitambua kwamba nywele hizo zilifanana na sufu ya kondoo waliokosa shaba, jambo ambalo wafugaji wa Australia walilifahamu. Alipowapima watoto hao, shaba ilikuwa imepungua katika damu yao. Chakula chao hakikuwa na upungufu. Shaba ilifika katika seli za utumbo ikakaa pale pale, kwa kuwa mchukuzi wa kuivusha kwenda katika damu alikuwa ameharibika. Utumbo ulishiba na ubongo ukafa njaa.

Ugonjwa wa pili ni kinyume cha huo. Mwaka 1912 Samuel Alexander Kinnier Wilson, akiwa London, aliandika juu ya vijana waliopata mtetemeko wa mikono, ugumu wa viungo na uzito wa ulimi, na walipofariki maini yao yakakutwa yameharibika. Wilson alifariki mwaka 1937. Mwaka 1948 John Cumings alionyesha kwamba shaba ilikuwa imejaa katika maini na bongo za wagonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1993 jeni zenye kasoro katika maradhi yote mawili zilitambuliwa, na ikabainika kwamba ni ndugu wawili wanaofanana sana: moja huongoza mchukuzi wa kuivusha shaba kutoka utumboni, na nyingine huongoza mchukuzi wa kuitoa katika ini kwenda katika nyongo. Wa kwanza akikosekana, mtu hukosa. Wa pili akikosekana, mtu hulimbikiza. Ugonjwa wa Wilson hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 30,000 hivi.

Hapa ndipo falsafa inapopata kazi. Paracelsus, tabibu wa karne ya kumi na sita, alifundisha kwamba kila kitu ni sumu, na kipimo pekee ndicho hukifanya kitu kisiwe sumu. Kauli hiyo ni nzuri, ila mbele ya ndugu wawili waliokula sahani moja, mmoja akawa mzima na mwingine akajaa shaba, inapungukiwa. Kipimo kilikuwa kimoja. Aristotle alikwenda mbele zaidi pale aliposema kwamba wastani wa wema haufanani na wastani wa hesabu. Akatoa mfano wa Milo, mpiga mieleka: chakula kinachomtosha yeye ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi, na hapana hesabu moja iliyo kati kwa kati ambayo itawafaa wote wawili. Ibn Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliupokea wastani huo na kuuweka katika maandishi ya Kiislamu juu ya maadili, na baadaye Al-Ghazali akaueleza kwa lugha ya tiba, kwamba maradhi ya nafsi hutibiwa kama yanavyotibiwa ya mwili, kila moja kwa kinyume chake na kwa kadiri ya mgonjwa.

Wote hao, hata hivyo, walikuwa wakizungumza juu ya mtu ambaye kadiri yake imo mkononi mwake: mlafi awezaye kuacha, bakhili awezaye kutoa. Ugonjwa wa Wilson unauliza suali gumu kuliko hilo, kwa sababu shaba ikishajaa katika ini huenda kwenye ubongo, na ubongoni huigusa tabia. Kijana aliyekuwa mpole huwa mkali. Aliyekuwa wa kwanza darasani hushindwa kuandika, na hati yake huharibika. Husema maneno yasiyostahiki mbele ya wakubwa, hulia bila ya sababu, hucheka pasipo pa kuchekwa. Mara nyingi mabadiliko hayo hutangulia mtetemeko, na kwa muda mrefu hapana kinachoonekana ila mtoto aliyeharibika. Skuli humwita mvivu. Jirani hutaja bangi. Wazee husema ana pepo au kalogwa, na siku za tiba hupotea katika kumpunga, kumfunga au kumpiga.

Katika nyumba ya mtoto mwenye ugonjwa wa Menkes, lawama huelekezwa kwa mama. Aghalabu kasoro hiyo hupita kwa mama, naye mwenyewe asiwe na dalili yoyote, na nusu ya watoto wake wa kiume wakawa hatarini. Mwanamke aliyezika wana wawili huambiwa ana kisirani. Katika ugonjwa wa Wilson baba na mama wote wawili hubeba nusu ya kasoro wakiwa wazima, na kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa kuwa wabebaji hao ni wachache katika watu, huweza kukutana kwa urahisi zaidi pale binamu wanapooana, jambo ambalo pwani na visiwani limezoeleka. Kulijua hilo ni faida, kulifanya aibu ni hasara. Hao binamu walipooana hawakuona kitu, wala hapakuwa na kitu cha kuonekana.

Huenda mtu akapinga akisema: ikiwa shaba imebebeshwa makosa ya kijana, basi kesho mwizi na mchongezi nao watatafuta madini ya kuyasingizia, na patakuwa hapana tena mwema wala mwovu. Pingamizi hilo halifai kupuuzwa. Jamii isiyolaumu chochote haiwezi kumlea mtu. Lakini pingamizi hilo limechanganya masuali mawili. Suali la kwanza ni hili: nani mbaya? La pili: nani ana uwezo wa kufanya nini sasa? Lawama hujibu la kwanza na kuondoka. Wajibu hukaa na la pili.

Na la pili lina jibu. Mwaka 1956 John Walshe alitangaza kwamba penisilamini, dawa itokanayo na penisilini, huikamata shaba na kuitoa kwa mkojo. Baadaye ikaja trientini, na zinki ambayo huizuia shaba utumboni isipite. Mgonjwa wa Wilson akigunduliwa mapema huishi umri wake, na huweza kusoma, kuoa na kuzaa. Akicheleweshwa, ini lililokwisha kuwa kovu halirudi, na ubongo ulioharibika hupona nusu. Dalili moja ya kumgundua huonekana machoni: pete ya kahawia au kijani pembeni mwa kioo cha jicho, iliyoelezwa na Kayser mwaka 1902 na Fleischer mwaka 1903, ambayo daktari wa macho huitafuta kwa darubini yenye mwale mwembamba wa taa. Vipimo vya damu na mkojo huthibitisha. Akipatikana mgonjwa mmoja, ndugu zake wa tumbo moja hupimwa, hata wasio na dalili. Kwa watoto wa Menkes tiba ni finyu zaidi: shaba hupigwa kwa sindano ili iukwepe mlango uliokwama, na hufaa ikianzwa katika siku za mwanzo kabisa za maisha.

Kwa hivyo ubaya wa lawama katika jambo hili hauko katika ukali wake peke yake. Uko katika muda inaoula. Kila mwezi unaotumika kutafuta nani aliyemloga kijana ni mwezi ambao ini lake linaongeza akiba. Mwalimu aliyemwona mwanafunzi akibadilika ghafla, imamu au padri aliyeletewa kijana aombewe, mganga aliyeitwa ampunge: kila mmoja wao ana uwezo mdogo wa kusema neno moja, kwamba apelekwe akatazamwe macho na ini. Wajibu huanza pale uwezo unapoanza. Mgonjwa mwenyewe hakuwa na wajibu wa kuijua shaba kabla haijajulikana, lakini akishapewa dawa ana wajibu wa kuimeza kila siku maisha yake yote, kwani akiiacha kwa kujiona amepona, shaba itarudi kimya kimya kama ilivyokuja. Hapo, na hapo tu, ndipo mtu aweza kumsemesha kwa ukali, na hata hapo ukali wa anayempenda ndio utakaosikilizwa.

Washairi wa pwani huiita hesabu ya silabi mizani, na jina hilo hilo ni la chombo cha sokoni. Mshororo uliozidi silabi moja hulaumiwa, na ni haki ulaumiwe, kwa kuwa mtunzi alikuwa na wasaa wa kuurudia. Mwili haukutungwa na mwenyewe. Hakuchagua wachukuzi wake, wala hakuulizwa milango yake iweje. Anayemhukumu mtu kama ahukumuvyo mshororo amesahau tofauti hiyo, na kwa kuisahau huweza kumpoteza mtu ambaye angeokolewa.

Mfugaji wa Gulwe akimwona mwana wa mbuzi anayumba, hamtukani wala hamchapi. Huuliza mama yake alikula nini, wapi, na katika msimu gani. Mwana wa mtu anastahiki aulizwe angalau kiasi hicho, kabla ya kuitwa jina lolote.